Punguza, mzee

"Mzee, wavuta sigara?"

"Navuta."

"Ngapi kwa siku?"

"Kumi hivi. Zikizidi, kumi na mbili."

Sista akaweka tiki. Nilikuwa nimekaa ubavuni mwa baba kwenye benchi la kliniki ya kifua, karibu kabisa na ile fomu, na niliiona tiki ikiingia, kalamu ya bluu, kiboksi kidogo kilichoandikwa NDIO. Alafu bila kuinua uso akasema "punguza, mzee", kwa sauti nzuri tu ya heshima, akafungua ukurasa wa pili akauliza uzito.

Baba akaitikia inshallah, mambo yakaendelea.

Sitaki mtu asome hapa akadhani namsema yule sista. Foleni ilikuwa imefika mpaka nje chini ya mwarobaini, yeye yuko peke yake, na dawa za TB alizieleza vizuri mpaka mimi mwenyewe nikazishika kichwani, meza asubuhi kabla ya kula, mkojo utageuka rangi usiogope, miezi 6 usiruke hata siku moja. Kazi yake anaijua. Lakini lile neno "punguza" nilipanda nalo matatu, nikalala nalo, nikaenda nalo kazini, na miezi minne imepita bado liko hapa, ndio maana naandika.

Manake baba yangu ana TB ya mapafu, na kile kitu anachokivutia kwenye mapafu hayo hayo mara kumi na mbili kwa siku kimepewa neno moja tu.

## Kiboksi

Usiku ule nikawa nairudia ile fomu kichwani. Mimi ni mhasibu, fomu ndio maisha yangu, nikiona safu imejazwa nataka kujua namba inaenda wapi.

Na kila jibu la baba lilikuwa na pa kwenda. Swali la Ukimwi, hajapimwa, basi kuna mtu chumba cha pili anamngoja. Sukari, hajui, akatobolewa kidole pale pale. Uzito umeshuka, akaandikiwa unga wa lishe. Sigara tu ndio alisema "navuta" na jibu likaishia kwenye wino.

Wenye umri wangu mnakumbuka haikuwa hivi. Mjomba wangu alitibiwa TB mwaka 2003, na hakuna hata mtu mmoja aliyemwambia apime Ukimwi. TB ilikuwa chumba chake, Ukimwi chumba chake, na wagonjwa wakawa wanafia kwenye korido katikati. Alafu pesa zikaja, mfuko wa kimataifa wa Global Fund ulikuwa umeanza 2002, PEPFAR, mpango wa Wamarekani wa Ukimwi, 2003, na leo ni nadra kumkuta mgonjwa wa TB Kenya ambaye hakupimwa Ukimwi.

Watu huwa wanasema wahudumu walielimika. Sawa, walielimika, lakini mimi naona na vingine. Rejista ilichapishwa upya ikawa na safu ya HIV. Kuna mtu alilipwa mshahara akae kile chumba cha pili. Vipimo vikawa vinafika kila mwezi badala ya kufika vikikumbukwa. Na mkubwa wa wilaya akaanza kuulizwa kwenye mikutano, ile safu umejaza kiasi gani, mbona huku kuna mapengo.

Hizo zote ni pesa. Pesa za makaratasi, za usafiri, za mtu kukaa kwenye kiti.

Sasa sigara na TB ni ndugu vilevile. Hesabu ya Shirika la Afya Duniani ni kwamba anayevuta ana hatari ya kuugua TB mara 1.6 ya asiyevuta, na akishaugua akiendelea kuvuta ana uwezekano mkubwa zaidi wa kufa nayo, au kupona alafu ikamrudia. Kiboksi kimeshachapishwa, swali linaulizwa. Kilichokosekana ni chumba cha pili.

## Maghribi inakuja

Lakini ngojeni niseme ukweli wangu kabla sijaendelea kuhukumu mfumo.

Miaka yote mimi nilikuwa nasema kuacha sigara ni nia tu. Nilimwambia baba hivo mara nyingi na kwa maneno makali ambayo sasa nayajutia, na hoja yangu kubwa, ile niliyodhani haijibiki, ilikuwa Ramadhani. Manake baba akifunga anafunga kweli, mzee wa bandarini aliyebeba magunia miaka 31, jua la Pwani unalijua, hanywi maji wala hagusi sigara kuanzia alfajiri mpaka maghribi siku 30. Kwa hivyo nikamwambia, siku moja tumekaa barazani, baba si unaona unaweza? Kama masaa 13 unaweza, kwa nini usiweze siku nzima, kwa nini usiweze mwaka?

Akanyamaza kidogo. Alafu akasema, "Mwanangu, Ramadhani najua maghribi inakuja."

Nilidhani ananikwepa.

Ile sentensi nimekuja kuielewa mwaka huu. Nikotini ukiivuta inafika kwenye ubongo kwa sekunde kama 10 au 20, na ubongo uliozoeshwa miaka 40 umejijenga upya kuipokea, una milango mingi zaidi ya kuipokea kuliko wa asiyevuta, na milango ile ikikaa tupu mtu anakuwa mkali, hapati usingizi, hawezi kufikiri jambo moja likafika mwisho. Mfungaji anavumilia yote hayo kwa sababu ana saa kamili ya kumaliza, anaisikia adhana, tende moja na maji, na baba yangu alikuwa akimaliza tende tu mkono unaenda mfukoni. Anayeacha kabisa hana adhana ya kungoja. Anavumilia kuelekea kusikojulikana.

Shirika la Afya Duniani linasema bila msaada wowote, majaribio yanayofaulu ni kama 4 tu kwa kila 100.

Baba alijaribu mara tatu ninazozijua. Mama alipokuwa na mimba ya kitinda mimba wetu. Rafiki yake wa kazini alipofariki kwa saratani ya koo. Na mara ya tatu mimi nilipomtukana, siyo kumtukana kwa matusi lakini nyinyi mnaelewa. Zote alishindwa, na zote alijilaumu yeye, na sisi nyumba nzima tukamuunga mkono katika kujilaumu.

Watu 96 kati ya 100 wanaanguka kwenye mtihani mmoja alafu tunasema wote hawana nia? Kazini ningeona namba kama hiyo nisingeuliza kuhusu nia ya mtu.

## Bigijii

Kwa hivyo nikaamua kumsaidia. Nilikuwa nimesoma kuhusu bigijii za nikotini na vibandiko vya kubandika mkononi, kwamba vinaongeza uwezekano wa kuacha kwa asilimia 50 hadi 60 ukilinganisha na kutotumia kitu, na vimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009. Dawa muhimu! Orodha moja na dawa za TB, moja na panadol. Nikafikiri basi nikienda kemisti yoyote nitapata.

Nilizunguka kemisti nne. Tatu hawana, na mmoja kati ya hao aliniuliza kama natafuta sigara za umeme. Ya nne walikuwa na boksi moja la bigijii limewekwa ndani ya kabati la kioo, karibu na vitu vya urembo, na bei yake nilipoipiga hesabu, dozi ya wiki ilikuwa inapita pesa ya sigara za baba za wiki nzima. Yeye hununua mojamoja dukani, ingawa sheria ya tumbaku ya 2007 imekataza kuuza mojamoja, na mojamoja ukiwa mzee usiye na pensheni ya maana ndiyo inayokubalika mfukoni.

Yaani ugonjwa ni rahisi kuununua kuliko dawa yake.

Nikanunua. Nikamletea baba kama zawadi, akafurahi, akaweka moja mdomoni akaanza kuitafuna kama anavyotafuna bigijii ya dukani, haraka haraka, anameza mate. Dakika tano kwikwi zikamshika. Koo likamuwasha, tumbo likachafuka, akaenda kutapika.

"Hii sumu umenunua pesa ngapi?"

Boksi likakaa juu ya friji. Jioni nikasikia kibiriti nje.

## Glavu kwanza

Hapo ulikuwa mwezi wa pili wa dawa. Kukawa na mkutano wa bajeti kwenye ukumbi wa wadi, ile mikutano ya wananchi kutoa maoni, mimi huenda kila mwaka, na safari hii nikasimama nikasema nataka tuweke fungu la kutibu watu wanaotaka kuacha tumbaku kwenye zahanati zetu, dawa ziwepo, wahudumu wafunzwe. Nilikuwa nimejiandaa, nikataja kwamba utafiti wa kitaifa wa 2014 ulikuta watu wazima milioni 2.5 wanatumia tumbaku Kenya, asilimia 11.6.

Mama mmoja safu ya mbele akageuka. Mtu mzima, buibui, miwani.

"Mwanangu, juzi nimempeleka binti yangu kuzaa tumeambiwa tukanunue glavu. Wewe wataka wavuta sigara wapewe bigijii?"

Ukumbi ukapiga makofi. Na mimi ningepiga kama si mimi niliyekuwa nimesimama.

Nikakaa.

Nilitoka pale nikiwa nimeshindwa kwelikweli, siyo kwa aibu, kwa hoja. Mtoto anazaliwa bila glavu, na mimi naomba pesa za mtu ambaye kila siku ananunua ugonjwa wake mwenyewe kwa mkono wake. Wiki mbili nzima sikuwa na jibu na niliacha kabisa hii habari, hata blogu nilikuwa sitaandika.

Mwezi wa tatu baba akalazwa. TB ilikuwa inaitikia dawa, makohozi yametoka safi, lakini mapafu yenyewe yalikuwa yamechoka na usiku mmoja pumzi zikawa hazimtoshi. Siku 6 kwenye oksijeni. Nikawa nalala chini kwenye leso pembeni ya kitanda chake, na huwezi kulala wodini, unahesabu vitu. Vitanda vinane. Wazee watano vidole vya njano kama vya baba, wawili wameshalazwa mwaka huu mara ya pili. Manesi wakipita, kila kitanda glavu mpya, kubadilisha sindano glavu, kumsafisha mzee glavu, pea kwa pea kwenye ndoo, usiku na mchana.

Nikamfikiria yule mama wa buibui.

Glavu za binti yake zilikuwa zinatumika pale. Na oksijeni, na vitanda, na usiku wa wale manesi wawili. Tulikuwa tumeshawalipia wavuta sigara, tena bei ya juu kabisa, na tulikuwa tunalipia mwisho wa safari ambapo hakuna tena cha kurudisha. Sijamwona tena yule mama nimwambie, na hata nikimwona sijui kama nitasema vizuri, manake alikuwa na haki ya hasira yake na bado anayo.

## Shavuni

Baada ya kutoka tukahamishia dawa zahanati ya karibu na nyumbani, baba asitembee sana. Pale kuna sista mdogo, sidhani kama amefika miaka 30. Fomu ile ile. Kiboksi kile kile. Akaweka tiki.

Alafu akaweka kalamu chini.

"Baba, ukiamka asubuhi, sigara ya kwanza wavuta baada ya muda gani?"

Miaka yote hii hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivo, wala mimi. Baba akafikiri. "Kabla sijavaa viatu vya kwenda msikitini."

Akatikisa kichwa kama fundi aliyesikia mlio wa injini. Akatueleza, anayevuta ndani ya nusu saa tangu kuamka huyo uraibu wake ni mkubwa, bigijii yake ni ya miligramu 4. Mimi nilikuwa nimenunua za 2, sikujua hata kama kuna tofauti. Nikamwambia na yale ya kutapika.

Akamgeukia baba. "Muguka umewahi kula?" Yaani yale majani ya kutafuna, ndugu wa miraa.

Baba akanitazama mimi kwanza.

"Zamani."

"Basi hii kazi waijua. Ile siyo bigijii, ichukulie kama muguka. Tafuna polepole, ukisikia inawasha kama pilipili, acha kutafuna, iweke shavuni. Ikipoa, tafuna tena kidogo, hamisha shavu la pili. Nusu saa hivo. Mate usiyameze meze, na kahawa usinywe robo saa kabla, inaiharibu."

Baba akacheka. Alicheka mpaka akakohoa, alafu akasema, "Kumbe ni hivo tu?"

Niliangalia simu yangu baadaye. Dakika 4.

Nimeifikiria sana ile dakika ya muguka. Maelezo hayo yote yamo ndani ya boksi, kikaratasi kimekunjwa mara nane, kwa Kiingereza na herufi za mchwa. Mwongozo wa taifa wa kutibu uraibu wa tumbaku upo tangu 2017, wizara iliuandika, na nchi yetu iliridhia mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku tangu Juni 2004, ambao kifungu chake cha 14 kinasema wazi matibabu ya uraibu yaingizwe kwenye huduma za kawaida za afya. Elimu ipo kwenye karatasi miaka yote hiyo, na baba aliifikia siku ambayo mtu mmoja alijua dawa na akajua muguka na akawa na dakika 4.

Nikamuuliza alijifunza wapi. Akasema kulikuwa na mradi, walilipiwa mafunzo ya siku mbili, walipewa na bigijii na vibandiko vya kuanzia. Mradi uliisha. Zilizobaki ni chache kwenye droo, akampa baba za wiki mbili, nyingine akasema "mtajitahidi".

## Pesa ya nani

Hapa ndipo ninapokuwa mkali.

Pesa siyo kwamba hazijafikiriwa. Sheria ya kudhibiti tumbaku ya 2007 imeunda mfuko maalumu, na kati ya kazi za mfuko imetaja programu za kusaidia watu kuacha. Kanuni za 2014 zikasema watengenezaji na waingizaji wachangie mfuko huo asilimia 2 ya thamani ya tumbaku wanayotengeneza au kuingiza kwa mwaka. Kesi ikaenda kortini 2015, Mahakama Kuu, Mahakama ya Rufaa, mpaka Mahakama ya Juu, na Novemba 2019 kanuni zikabaki zimesimama. Thailand wana asilimia 2 kama hiyo tangu 2001, wao waliiweka juu ya ushuru wa tumbaku na pombe na wakajenga nayo taasisi nzima ya afya, ThaiHealth, kwa hivyo siyo ndoto ya mtu.

Nilikuwa na wasiwasi mwanzoni na pesa zenyewe. Pesa ya tumbaku kumtibu aliyeumizwa na tumbaku, zina harufu. Na kuna sababu ya kuogopa, manake mwaka 2017 Philip Morris walitangaza kufadhili wakfu wa kuondoa uvutaji sigara, dola milioni 80 kwa mwaka, na Shirika la Afya Duniani likaziambia serikali zisishirikiane nao. Nililinganisha hizo mbili muda mrefu. Nikaona ile ya hiari inakuja na mtoaji wake, anakaa mezani, anachagua utafiti gani ufanywe na dawa gani isifiwe. Ile ya sheria inachukuliwa, mtoaji anabaki nje, na anayepanga ni sisi. Hiyo sina tatizo nayo tena. Ni deni.

Kinachonikosesha usingizi ni inapofika. Manake najua mafungu yanavyoliwa bila mtu hata kuiba, warsha hotelini, fulana za Mei 31, siku ya dunia ya kupinga tumbaku, mabango ya mapafu meusi barabarani ambayo baba yangu ameyatazama miaka na sigara mkononi. Hakuna mvuta sigara asiyejua inaua. Ningepewa mimi kuandika lile fungu ningeanza na vitu vidogo vinavyochosha kuvisoma: bigijii na vibandiko viagizwe kwenye oda moja na dawa za TB na za presha, viwe kwenye rafu moja, visiwe vya mradi. Rejista iwe na safu ya pili pembeni ya ile tiki, inayouliza AMESAIDIWAJE, na mkubwa aulizwe kuhusu safu hiyo. Mafunzo yafuate zahanati siyo mtu. Wahudumu wa afya ya jamii waliopewa mifuko ya vifaa mwaka 2023, wanaokuja mpaka barazani na mashine ya presha na ya sukari, wawe na lile swali la sigara ya kwanza, halihitaji mashine. Na mtu aangalie saitisini, dawa ya vidonge inayotoka kwenye mti, Bulgaria wameitumia tangu 1964, bei yake ni nafuu, dozi yake siku 25, na mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza pamoja na zile nyingine. Kwa mtu wa sigara za mojamoja, siku 25 ni kitu anachoweza kukiona mwisho wake.

Ni kama maghribi yake.

Na SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii, ile bima mpya ya afya, tangu Oktoba 2024 tuko humo wote, kuna Mfuko wa Afya ya Msingi wa kulipia zahanati. Kutibu uraibu wa tumbaku ni kazi ya zahanati kuliko karibu kila kitu ninachokijua. Andikeni humo.

## Jumanne saa 10

Kuna kitu nimekiacha makusudi.

Yule sista mdogo alikuwa anampigia baba simu. Kila Jumanne saa 10 jioni, dakika mbili tatu. Umeamkaje, bigijii zimebaki ngapi, jana ilikuwaje. Kuna namba ya 1192 ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, ya bure, usiku na mchana, nilimuandikia baba ukutani, lakini baba hawezi kumpigia mtu asiyemjua kumwambia ameshindwa, kizazi chake hakifanyi hivo. Kupigiwa ni kitu kingine. Saa 9 na nusu alikuwa ameshakaa barazani, simu ameiweka juu ya paja, na Jumatatu usiku alikuwa anajizuia kwa sababu kesho ataulizwa. Alinambia mwenyewe. "Nitamwambia nini yule mtoto?"

Wiki ya pili alivuta nne. Akamwambia. Sista akamwambia sawa baba, nne siyo kumi na mbili, ilikuwa saa ngapi, ulikuwa na nani. Akagundua ni saa ya kahawa, pale kwa wenzake. Wakapanga kahawa aje anywee nyumbani, mama akafurahi kuliko sote. Wiki ya nne, moja. Wiki ya tano, hakuna.

Nilimuuliza siku moja hizo simu zinalipiwa na nani, akacheka, akasema kredi ni yake, siyo nyingi, wagonjwa kama 11 hivi.

Kredi yake. Ile sehemu ya mfumo mzima iliyomshika baba yangu ilikuwa inatoka kwenye mshahara wa msichana wa zahanati.

Mwezi huu amehamishwa. Ni kawaida, watu huhamishwa, amekwenda karibu na mume wake na namtakia kheri. Aliyekuja mahali pake ni kijana mpole, dawa anatoa kwa wakati, nilipomuuliza kuhusu tumbaku akanionyesha kiboksi, kimejazwa.

Jumanne ya kwanza baba alikaa barazani mpaka adhana ya maghribi. Simu haikulia. Mama alinitumia meseji usiku, ameshinda kimya.

Jumanne ya pili nikatoka ofisini saa 10 kasoro, nikasimama kwenye ngazi za nje ambako wenzangu hutoka kuvuta, nikampigia. Sikujua nianzeje, ni baba yangu, mimi ndiye niliyemwambia hana nia. Nikauliza kama alivyokuwa anauliza yule sista.

"Baba, leo sigara ya kwanza ilikuwa saa ngapi?"

Kimya kirefu. Nikasikia kunguru wa nyumbani, na mama anamwaga maji.

"Bado," akasema. "Bado, mwanangu."